Tambua Msongo Kabla Haujakufikisha Kituoni

Katika toleo hili tunaweka kando habari za magendo, wizi wa mifugo na ajali za barabarani, ili tujifunze juu ya jambo linalojificha nyuma ya mashauri mengi yanayofika mezani petu.

Asubuhi ya Jumatatu afisa wa zamu hufungua kitabu cha matukio na kuandika. Mume amempiga mkewe kwa sababu mboga ilikosa chumvi. Mwendesha bodaboda amemjeruhi mwenzake kwa bisibisi, chanzo kikiwa abiria mmoja. Mama amemchapa mtoto hadi kumvunja mkono kwa kupoteza noti ya shilingi elfu moja. Watuhumiwa hawa si majambazi. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga kituo cha polisi. Ukimwuliza kila mmoja kilichotokea, jibu huwa lile lile: “Afande, hata mimi sijui nilipatwa na nini.”

Anayesema hivyo mara nyingi hadanganyi. Lakini kilichompata hakikuanza siku ile. Kilianza miezi mingi nyuma, kikakua taratibu, naye hakukitambua. Ndiyo maana somo letu la leo halihusu namna ya kuondoa msongo peke yake. Linahusu kwanza namna ya kutambua kiasi ambacho msongo umekwisha kuyala maisha yako, kwa kuwa mtu hatui mzigo asiojua kwamba anaubeba.

I. Msongo ni nini?

Msongo ni namna ambavyo mwili na akili hujibu mtu anapodaiwa zaidi ya uwezo anaoona anao. Madai hayo yaweza kuwa karo ya watoto, mkopo wa kikundi, ugonjwa wa mzazi, ugomvi wa shamba au kazi isiyo na mapumziko. Msongo wenyewe si ugonjwa, wala si aibu, wala si dalili ya imani haba. Hata furaha huleta msongo. Aliyewahi kuandaa harusi ya binti yake anafahamu.

Mwaka 1915 mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia unapokabiliwa na hatari. Moyo hupiga haraka, pumzi hufupika, sukari huongezeka katika damu, misuli hukaza na tumbo hupunguza kazi yake. Aliyekutana na nyoka akipalilia mihogo anazijua dalili hizo. Nyoka akienda zake, baada ya muda mfupi mwili hutulia, na mtu huendelea na jembe lake.

Taabu ni kwamba deni haliendi zake kama nyoka. Hulala nawe, huamka nawe, hukaa nawe mezani. Mwili, usioweza kutofautisha nyoka na mdai, hubaki umejiandaa mchana na usiku.

Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi mjini Montreal nchini Kanada, alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya panya. Alibaini kwamba panya waliowekwa kwenye baridi kali, waliochoshwa kupita kiasi na waliopewa sumu, wote walionyesha mabadiliko ya mwili yanayofanana. Aligawa mwitikio huo katika hatua tatu: kushtuka, kustahimili na kuishiwa nguvu. Msomaji, ishike vizuri hatua ya pili. Katika hatua ya kustahimili, kiumbe huonekana mzima. Hushinda kazini na hurudi nyumbani kama kawaida. Lakini akiba yake inatumika kila siku bila kurudishwa, hata siku moja inakwisha.

II. Kwa nini mbebaji hauoni mzigo wake?

Lori linalobeba saruji hupimwa kwenye mizani, na likizidisha uzito husimamishwa. Dereva wake hapimwi. Huenda amelala saa tatu, ametafuna mairungi ili asisinzie, ana mtoto aliyelazwa hospitalini, na tajiri wake anampigia simu kila baada ya nusu saa. Ukimwuliza hali, atajibu “niko sawa.” Hilo ndilo jibu analojua.

Sisi wa mpakani tumezoea mengi. Bei ya mahindi hubadilika kati ya asubuhi na jioni, na shilingi za pande mbili hupanda na kushuka zikala faida ya mwenye mtaji mdogo. Mwezi Machi 2020 Uganda ilipofunga mipaka kwa abiria, akina mama wa samaki na nyanya, pamoja na ndugu zetu wenye ulemavu ambao riziki yao ni kuvusha mizigo kwa baiskeli za mikono, waliamka siku moja na kukuta kazi imekwisha. Mwezi Januari 2022 madereva walilala siku kadhaa katika foleni ya Malaba wakisubiri vipimo. Wasamia na Waiteso, ambao wana ndugu pande zote mbili, walizikwa wazazi wao wakiwa ng'ambo wasiweze kuvuka. Mambo hayo yalipita, lakini mikopo iliyochukuliwa wakati ule, na huzuni iliyomezwa wakati ule, havikupita vyote.

Mtu anapoishi hivyo muda mrefu, husahau alivyokuwa zamani. Kukosa usingizi huwa ndiyo kawaida yake, na ukali huonekana kuwa ndiyo tabia yake. Hana tena cha kujilinganisha nacho.

Naandika haya kwa kuyajua. Katika kipindi cha maradhi yale nilikuwa zamu za mpakani, usiku na mchana. Tumbo lilinisumbua, nikanunua dawa za vidonda mara tatu. Nilijiambia kwamba askari hachoki. Jioni moja nilirudi mapema, nikaiacha pikipiki barabarani kwa sababu ya matope. Nikiwa karibu na mlango nilisikia watoto wakicheka na redio ikiimba. Mdogo wao akachungulia dirishani, akasema, “Baba amekuja.” Redio ikazimwa. Kicheko kikakatika. Nilipoingia, kila mmoja alikuwa ameshika daftari.

Nilimwuliza mke wangu, “Hawa watoto wana nini?” Akanitazama, akaniambia kwa upole, “Baba watoto, ni karibu mwaka sasa wanafanya hivi. Hukuwa unasikia kwa sababu ulikuwa unakuja na pikipiki.”

Sikuwahi kumpiga mtu nyumbani kwangu. Lakini usiku ule nilielewa kwamba njia niliyokuwa nikiifuata ndiyo ile ile inayowafikisha wengine mezani kwetu, ila mimi nilikuwa bado njiani.

III. Mizani nne za kujipima

Kwa kuwa mbebaji haoni uzito, anahitaji mizani iliyo nje ya hisia zake. Tunawapendekezea nne. Katika kila moja, usijiulize tu “nina dalili hii?” Jiulize “jambo hili limebadilika tangu lini?” Mabadiliko ndiyo yanayosema.

Mizani ya kwanza ni mwili. Tazama usingizi kwanza: je, unachelewa kulala, au unaamka saa nane usiku ukihesabu madeni? Kisha tazama maumivu ya kichwa na shingo, kiungulia, mapigo ya moyo ya ghafla, uchovu usioondoka hata ukipumzika, na hamu ya chakula iliyopungua au kuzidi. Hapa tunaonya: dalili hizi zaweza pia kuwa za malaria, shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa mwingine. Usijitibu kwa kukisia. Nenda kituo cha afya upimwe, na umweleze mhudumu pia mambo yanayokusumbua moyoni.

Mizani ya pili ni fikra. Mfanyabiashara aliyekuwa akihesabu chenji kichwani sasa anakosea mara kwa mara. Mtu anasoma ujumbe wa simu mara tatu bila kuuelewa. Anaweka funguo mahali, asikumbuke. Jambo moja linazunguka kichwani usiku kucha bila kufikia uamuzi. Majirani zetu wa Zimbabwe ya mbali, wanaosema Kishona, wana neno kwa hali hii, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi husema “ana mawazo,” na tukishasema hivyo tunamwacha hapo.

Mizani ya tatu ni mwenendo. Chupa moja ya waragi ya Jumamosi imekuwa ya kila jioni. Sigara zimeongezeka. Mwendesha bodaboda aliyekuwa akisimama kwenye kivuko cha watoto wa shule sasa anapita bila kupunguza mwendo. Muuza duka amejiingiza katika kamari ya mpira ili alipe mkopo wa simu kwa mkopo mwingine. Aliyekuwa akiimba kwaya, au asiyekosa swala ya Ijumaa, au asiyekosa kikao cha kikundi, amejitenga bila sababu anayoweza kuitaja.

Mizani ya nne ni watu, nayo kwa maoni yetu ndiyo ya kweli kuliko zote. Mwili huzoea maumivu na akili hujitungia visingizio, lakini watoto hawajui kuficha. Je, wanakukimbilia au wanakukimbia? Je, mwenzi wako huchagua wakati wa kukuambia habari mbaya, au ameacha kukuambia kabisa? Je, wateja wako wa siku nyingi wamehamia meza ya jirani? Muulize mtu mmoja unayemwamini: “Tangu mwaka jana, umeona nimebadilika nini?” Kisha nyamaza. Usijitetee. Usikasirike. Jibu lake ni kipimo ambacho huwezi kukipata mahali pengine.

IV. Hesabu ya mwezi mmoja

Wataalamu nao wamejaribu kuupima mzigo huu kwa hesabu. Mwaka 1967 Thomas Holmes na Richard Rahe wa Marekani walitunga orodha ya matukio 43 ya maisha na kuyapa alama. Kufiwa na mwenzi kulipewa alama 100, talaka 73, kufunga ndoa 50. Waliona kwamba matukio yanapolundikana kwa mtu katika muda mfupi, uwezekano wa kuugua huongezeka. Orodha hiyo ina faida, lakini ina upungufu: haionyeshi kwamba watu wawili wanaweza kupatwa na jambo moja, mmoja akasimama na mwingine akaanguka.

Kwa hiyo mwaka 1983 Sheldon Cohen na wenzake walitengeneza kipimo kinachomuuliza mtu mwenyewe jinsi alivyoyaona maisha yake katika mwezi uliopita, kama aliweza kuyatawala au yalimshinda. Zimbabwe nayo ina dodoso lake la maswali 14, lililotungwa kwa lugha ya wenyeji, linalouliza habari za wiki iliyopita.

Sisi hatutoi kipimo cha daktari. Tunatoa maswali manane ambayo familia au kikundi chaweza kuyatumia. Kwa kila swali, fikiria siku 30 zilizopita, kisha jibu: hapana, mara chache, au mara nyingi.

1. Je, nimekosa usingizi kwa sababu ya mawazo?
2. Je, nimekasirishwa na jambo dogo kuliko hasira niliyoionyesha?
3. Je, nimetumia pombe, mairungi au dawa ili nitulie au niweze kufanya kazi?
4. Je, nimekwepa simu, wageni au ndugu?
5. Je, nimefanya kosa kazini au barabarani kwa sababu akili haikuwapo?
6. Je, mwili umeniuma bila sababu niliyoipata hospitalini?
7. Je, mtu wa nyumbani ameniogopa?
8. Je, nimeona kwamba maisha hayana maana, au kwamba ni heri nisingekuwapo?

Ukijibu “hapana” au “mara chache” katika maswali saba ya kwanza, mzigo wako ni wa kawaida ya binadamu. Ukijibu “mara nyingi” katika mawili au matatu, msongo umeanza kuchukua nafasi isiyo yake. Yakizidi hapo, au swali la saba likiwa na “mara nyingi,” usisubiri mwezi mwingine. Swali la nane halina “mara chache.” Ukikubali hata mara moja, tafuta msaada siku hiyo hiyo.

V. Baada ya kupima

Kwa mzigo wa kawaida, linda vitu vitatu: usingizi, chakula cha wakati, na siku ya mapumziko. Msongo ukianza kupanda, pumua polepole, ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kwa dakika chache. Hilo hupunguza mapigo ya moyo, na hukupa nafasi kati ya hasira na mkono. Mashauri mengi tunayoyaandika yangezuiwa na nafasi hiyo ndogo.

Kwa mzigo uliopanda, andika kwenye karatasi kila kinachokudai. Yagawe mambo hayo mafungu mawili: ninayoweza kuyafanyia kitu wiki hii, na nisiyoweza. Katika fungu la kwanza chagua moja, ulifanye. Mwenye deni aende kwa mdai kabla hajafuatwa, aombe mpango mpya wa kulipa; wadai wengi husikiliza anayekuja mwenyewe. Kisha zungumza na mtu. Mjini Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafundisha akina bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza wenye mawazo mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa na akina bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Akina bibi hao hawakuwa madaktari. Walifunzwa kusikiliza na kumsaidia mtu kutafuta hatua moja ya kuanzia. Bibi wa namna hiyo hata kwetu wapo, na wazee wapo, na benchi chini ya mwembe halikosekani.

Hapa kwetu Uganda pia, Shirika la Afya Duniani lilijaribu mafunzo ya kukabili msongo pamoja na wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini katika makazi ya Rhino Camp, nayo yakawapunguzia taabu ya moyo. Walikuwa wamepoteza nyumba, jamaa na nchi. Ikiwa wao walifaidika, nasi tusikate tamaa.

Kwa mzigo mzito, nenda kituo cha afya. Mhudumu wa afya wa kijiji aweza kukuelekeza, na daktari aweza kukupeleka kwa mtaalamu. Kutibiwa akili si kuitwa kichaa. Na mtu akikuambia kwamba anataka kufa, usimcheke, usimhubirie, usimwache peke yake. Ondoa karibu naye dawa za shambani na vitu vya kujidhuru, msikilize, mfikishe hospitalini.

VI. Neno la polisi

Tunaomba lieleweke jambo moja bila utata. Msongo hueleza kosa, hauhalalishi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 kuhusu ukatili wa majumbani haimwachilii mume wala mke kwa sababu alikuwa na mawazo. Wewe unayepigwa, usikubali kuambiwa usubiri hadi mwenzako atulie. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, katika dawati letu la familia na watoto, au piga simu ya dharura 999 au 112. Kwa habari ya mtoto anayeteswa, namba ni 116. Anayepiga atibiwe msongo wake, lakini usalama wako hutangulia.

Na wewe ambaye bado hujamgusa mtu, ila unahisi mkono unakuwa mwepesi, mlango wetu uko wazi kwako pia. Njoo umwone afisa wa uhusiano mwema na jamii. Hutaandikwa kwenye kitabu cha matukio kwa kusema “Afande, nimeelemewa.” Tutaketi, tutakusikiliza, tutakuelekeza panapofaa. Ni heri saa moja ya mazungumzo kuliko miaka ya gerezani na watoto waliobaki bila mzazi.

Zoezi la wiki

Kwa muda wa siku saba, kila jioni andika mistari mitatu katika daftari: nililala saa ngapi, nilimkasirikia nani, na kwa jambo gani, nani alicheka nilipokuwapo. Siku ya saba msomee mtu mmoja unayemwamini. Vikundi vya akiba, vyama vya bodaboda na jumuiya za dini vinaweza kuyajadili maswali manane katika kikao kimoja, kila mtu akitunza siri ya mwenzake.

Mimi nililifanya zoezi hili kwa miezi miwili. Siku za mwanzo mstari wa tatu ulibaki mtupu. Siku hizi nikifika nyumbani, redio haizimwi.